Kozi Sita za Ukuta wa Magharibi

Ukingo wa chini wa baka la unyevu ukutani ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula, na hapo ndipo Fintan Munnelly alipovua koti akaomba kiti.

"Kiti cha nini?" Nora Gaughan aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala, kitambaa cha vyombo begani. "Yule mkaguzi wa kampuni ya kujaza kuta hakuomba kiti. Hata buti hakuvua."

"Alikaa muda gani?"

"Alipoondoka chai yake ilikuwa bado inafuka moshi."

Munnelly alipanda kitini akafungua futi. Baka lilianza usawa wa kiuno, likapanda hadi shubiri moja juu ya mlango, na huko juu nako likakatika sawasawa. Upana wake ulikaribia wa kitanda. Aliandika vipimo kwenye daftari, akashuka, akapima tena kutoka chini ili ahakikishe.

Alikuwa amefanya upolisi miaka ishirini na miwili katika kaunti ya Mayo, akifuatilia zaidi ng'ombe walioibwa na dizeli ya magendo, kabla ya kustaafu na kusomea ukaguzi wa nyumba. Watu walisema kazi kabadili, sura kaiacha ileile. Yeye aliona kazi haikubadilika sana, ila kuta zilikuwa na desturi ya kujibu maswali, na watu wa parokia ya Kilbrack hawakuwa nayo.

Swali la siku hiyo lilikuwa moja. Kesho yake, saa mbili asubuhi, lori la kampuni lingefika kupuliza punje nyeupe za povu ndani ya uwazi wa kuta za nyumba hii. Nyumba ilijengwa mwaka 1998, kwa hiyo kwa Kilbrack ilihesabika ya kisasa: kuta mbili za matofali ya saruji zilizosimama sambamba, kati yake uwazi wa upana wa kiganja, na nusu ya uwazi huo imezibwa na mabamba ya povu tangu ujenzi. Nusu nyingine iliachwa tupu makusudi. Mvua ya Atlantiki ikipenya ukuta wa nje, huteremka humo na kupotelea chini bila kuugusa ukuta wa ndani. Kuijaza nusu hiyo kungeipa nyumba joto. Lakini kama ndani yake kulikuwa na kitu kinachoyavusha maji, punje zingekifunika kisionekane tena, na ukuta ungeoza taratibu.

"Na nisipojaza, nahamia Galway," Nora alisema, kana kwamba ameulizwa. "Gráinne keshatandika kitanda. Binti yangu mwenyewe. Dirisha linatazama maegesho ya magari."

"Kwa sababu ya kifua?"

"Baridi iliyopita nililazwa wiki tatu. Daktari akamwambia yeye, siyo mimi, kwamba nyumba ndiyo inayoniua. Basi kaniwekea sharti: ama nyumba ipate joto kabla ya Novemba, ama mama abebe sanduku. Nina miaka sabini na moja, bwana Munnelly. Sitaki kufa nikitazama magari ya watu."

"Kampuni imeshaandika kuwa ukuta ni mzima. Umeniita wa nini?"

Nora alikunja kitambaa mara mbili kabla ya kujibu. "Tom alisema wasije wakautoboa. Mume wangu. Alisema miaka mingi tu, mtu akitaka kutundika hata picha hapa. Halafu akalisema tena hospitalini, wiki ya mwisho, wakati hata jina la padri lilikuwa limemtoka."

"Ukuta huu tu, au nyumba nzima?"

"Ukuta huu."

Munnelly aliliandika hilo chini ya vipimo, akalipigia mstari.

Alianza na mambo rahisi. Aliuliza nguo zinaanikwa wapi, na Nora akajibu kuwa zinaanikwa juu ya jiko, kama kwa binadamu wengine. Mvuke wa nguo na wa sufuria hukaa pembeni na nyuma ya kabati, ukaotesha kuvu yenye vitone vyeusi. Hapa pembe zilikuwa safi. Kiganja kilichogusa baka kilitoka kikavu, lakini sindano mbili ndefu za kipimo cha unyevu zilipozama ndani, mshale ulikwenda hadi mwisho. Maji hayakutoka chumbani. Yalikuwa yanatoka ndani ya ukuta.

Nje kulikuwa na upepo wa kawaida wa huko, yaani wa kumfanya mtu ashike kofia. Alizunguka hadi ukuta wa magharibi, ule mrefu wenye pembetatu juu, unaotazama bahari bila kizuizi. Kwenye lipu palikuwa na ufa uliotoka kwenye kona ya dirisha dogo ukakimbia chini, na ulimpotezea nusu saa nzima. Aliumwagia maji kidogo kidogo kwa chupa, akasubiri, akaugonga kwa mpini wa bisibisi. Ufa ulikuwa wa rangi tu. Haukunywa hata tone.

Aliendea bandani kutafuta ngazi ili akague mifereji ya paa. Ngazi aliipata. Nyuma yake alikuta rafu yenye makopo tisa ya rangi, yote ya rangi ya maziwa, yote ya aina moja. Juu ya kila kifuniko mtu alikuwa ameandika kwa penseli. *Okt. 2001. Okt. 2003. Okt. 2006.* La mwisho lilikuwa la mwaka mmoja kabla Tom hajafa. Lilikuwa limebaki robo, na brashi iliyofungwa vizuri kwa gazeti ilikuwa kando yake.

"Tom alikuwa anapaka rangi wapi kila Oktoba?" alimuuliza Nora alipoingia.

"Nyumba nzima, nadhani. Mwezi huo mimi huwa naenda kuhiji, halafu napitia kwa dada yangu siku tatu. Nikirudi nakuta harufu ya rangi. Alikuwa mtu wa usafi."

"Nyumba nzima kwa nusu kopo?"

Nora alimkatia kipande kingine cha mkate wa soda, akakipaka siagi nene kuliko kawaida.

Mifereji ilikuwa safi. Basi Munnelly alichukua drili.

Utaratibu wake haukuwa wa kubahatisha. Alihesabu kozi, yaani safu za matofali, kwa futi kutoka msingini, akachagua kiungio cha mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga unaoshika matofali, akatoboa tundu lisilozidi unene wa kidole, kisha akaingiza kamera yake yenye mkia mwembamba na kutazama kwenye skrini ndogo. Ukuta wa kaskazini, kozi ya nne na ya nane: mabamba yamekaa barabara, uwazi mtupu, vishikio vya chuma vinavyounganisha kuta mbili vinang'aa. Kusini vilevile. Mashariki vilevile. Hii ilikuwa kazi ya fundi, tena fundi mwenye wivu na jina lake.

Magharibi, kozi ya tatu: safi.

Magharibi, kozi ya saba: drili ilipaswa kuzama kwenye hewa, ikaendelea kutafuna. Ilitema unga wa kijivu kwa muda mrefu. Kamera ilipoingia haikuona bamba lolote. Iliona mota iliyoganda imejaa kutoka ukuta hadi ukuta, na pembeni mwake kishikio kilichobeba bonge la ukubwa wa ngumi. Juu ya bonge hilo tone la maji lilikuwa linatembea, bila haraka, kuelekea ukuta wa ndani.

Kozi ya tano hali ileile. Ya kumi hali ileile. Ya kumi na moja, mabamba yalirudi, safi kama kaskazini.

Alisimama akatazama daftari. Kozi sita, kutoka ya tano hadi ya kumi. Chini yake kazi nzuri, juu yake kazi nzuri. Kasoro ya namna hiyo haitokani na ujinga, kwa sababu mjinga hukosea nyumba nzima. Hii ilikuwa na tarehe.

"Umeona mzimu?" sauti ilimuuliza kutoka nyuma.

Malachy Gaughan, kaka wa marehemu, alikuwa amevuka barabara kutoka kwake, na fimbo yake aliitumia zaidi kuelekezea kuliko kutembelea. Alikuwa na miaka sabini na minne na alijulikana kama fundi aliyejenga nusu ya parokia.

"Nimeona mota," Munnelly alisema.

"Mota ndani ya ukuta! Eeh, afande, ndiyo maana serikali ilikuwa inakulipa."

"Nani alijenga upande huu?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa hapa. Jumamosi walikuwa wanakuja majirani, mmoja ana mwiko, mwingine ana toroli, mwingine ana mdomo tu. Nora anapika, watu wanajenga. Leo kwako, kesho kwangu. Huwezi kuniuliza tofali hili la nani."

"Kaskazini na kusini ni za nani?"

Malachy alinyoosha mgongo. "Zile ni zangu. Kila tofali. Hilo unaweza kuliandika."

Munnelly aliandika. Kisha wote watatu wakakaa jikoni, kwa kuwa huko hakuna anayehojiwa akiwa amesimama, na Nora akaongeza maji kwenye birika.

"Bi Nora, una picha za ujenzi?"

Alikuwa nazo, ndani ya bati la biskuti, na nyuma ya kila moja mwandiko wake wa shule. Munnelly alizipanga mezani, akavuta mbili. Katika ya kwanza Tom Gaughan ameegemea ukuta wa magharibi, mikono mifukoni, na ukuta unamfikia kiunoni. Alihesabu kozi: nne. Nyuma yake: *Ijumaa jioni, Septemba 1998.* Katika ya pili ukuta uleule umempita kichwa mtu aliyesimama pale. Kozi kumi. *Jumapili, baada ya misa.*

"Jumamosi nani alijenga?" aliuliza.

"Jumamosi ile?" Malachy alicheka. "Jumamosi ile hakuna aliyejenga, afande. Ilikuwa fainali. Kombe la pekee ambalo Kilbrack imewahi kulishika. Hata mbwa walikwenda Castlebar."

"Huyu ndiye alikuwa kipa," Nora alisema, akimwonyesha kwa kijiko. "Aliondoka saa tatu asubuhi na gari la padri, akatapika njia nzima. Ikabidi padri asimamishe gari mara nne."

"Mara mbili, shemeji. Usiongeze."

"Mechi ilianza saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na mwendo hadi Castlebar?"

"Saa moja na zaidi."

"Kwa hiyo aliyejenga aliacha kazi kama saa saba." Munnelly aligonga picha ya pili kwa kalamu. "Fundi mwenye akili hapandishi zaidi ya kozi sita kwa siku nzima. Huyu alizimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hakukata bamba hata moja. Na mota iliyobaki aliimwaga humohumo ndani. Nani?"

Ndani ya jiko la mboji, udongo mkavu unaochomwa huko kama kuni, kaa lilipasuka. Malachy alitazama kikombe chake, akamtazama Nora, akaweka kikombe chini.

"Basi ni mimi," alisema. "Niliamka alfajiri nikaijenga kabla ya padri kunichukua. Niandike."

"Kozi sita. Gizani. Peke yako, unatapika."

"Nilikuwa kijana."

"Ulikuwa na miaka hamsini na moja!" Nora alisema. "Na ulikuwa kipa kwa sababu wa kwanza alivunjika mkono!"

Munnelly hakucheka. Aligeuza daftari ili Malachy aweze kulisoma. "Sawa. Nakuandika wewe. Lakini usikie ninachoandika baada ya hapo. Kama fundi aliyejenga kaskazini na kusini ndiye aliyefanya uchafu huu, basi matundu mawili kwa kila ukuta hayanitoshi. Mtu aliyemwaga mota hapa angeweza kumwaga popote. Itanibidi niandike kwamba nyumba nzima haifai kujazwa. Lori litageuza kesho saa mbili. Na shemeji yako atapakia sanduku."

"Matundu si yalitoka safi?"

"Yalitoka safi pale nilipotoboa."

"Afande, wewe ni mtu mbaya."

"Kasoro nimeshaipata, Malachy. Ninachotaka kujua ni mikono ilikuwa ya nani, ili nijue imegusa wapi pengine."

Malachy aligeukia upande wa mlango. "Nora, nenda ukaangalie kuku."

"Sina kuku."

"Basi kaangalie chochote."

"Hii ni nyumba yangu. Sema."

Akasema, akitazama meza. Ilikuwa ni Tom. Tom alikuwa mchezaji wa akiba, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuwahi, na Ijumaa alikuwa ameazima mashine ya kuchanganyia mota ambayo ilipaswa kurudi Jumatatu. Asubuhi ile akaiwasha, akaijaza, akidhani muda utamtosha. Baadaye akaona muda unamkimbia, akapandisha matofali mbio bila mabamba, na mota iliyozidi akaisukumia ndani kwa koleo, maana kuitupa saruji nzima mahali ambapo majirani wangeiona ilikuwa aibu.

"Alinieleza kwenye basi la kurudi, kombe likiwa magotini pangu. Akasema Jumatatu atabomoa. Jumatatu akaamka akakuta watu kumi na mmoja uani na mabamba yao, wanaimba, wanaendelea juu ya kozi zake. Ungewaambia nini? Watu wamekuja bure, wana furaha ambayo hawajawahi kuipata, uwaambie wabomoe? Alinyamaza. Nikanyamaza naye. Na mwiko hakuushika tena kwenye nyumba hii."

"Na alikuwa anapaka rangi kila Oktoba," Munnelly alisema.

"Kila Oktoba. Mimi ndiye niliyekuwa nashika ngazi."

Munnelly aliinuka akaenda kwenye korido, akarudi na picha ya timu iliyokuwa imetundikwa pale, akaiweka mezani kati ya vikombe. Wanaume ishirini na kombe moja. Kipa alikuwa katikati, soksi zake nyeupe kabisa, uso wa kijani kibichi. Mwisho kulia alikuwa Tom Gaughan, amevaa jezi, na kuanzia magotini kwenda chini miguu yake ilikuwa ya kijivu kwa mota iliyokauka.

"Niliipita asubuhi nikidhani ni matope," alisema. "Lakini mtu wa akiba hakuingia uwanjani."

Alitoka akatoboa matundu sita zaidi, mawili kaskazini, mawili kusini na mawili mashariki, mahali ambapo hakuna mtu angechagua. Yote yalitoka safi. Aliporudi alikuwa na uamuzi, na aliusema bila kuuzungusha. Lori lisipulize kitu kesho. Kozi sita za ukuta wa nje zifunguliwe kipande kwa kipande, mota itolewe, vishikio visafishwe, mabamba yakatwe na kuwekwa, ukuta ufungwe. Siku kumi, kumi na mbili mvua ikileta ubishi. Baada ya hapo nyumba nzima ijazwe, kuta zote nne.

"Kabla ya Novemba?" Nora aliuliza.

"Kabla ya Novemba."

"Nitaisimamia mwenyewe," Malachy alisema. "Na safari hii hakuna mechi."

Nora alikuwa bado ameshika picha ya timu. Aliifuta kioo kwa kitambaa cha vyombo, ingawa hakikuwa na vumbi, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mnasema muda ulimkimbia," alisema. "Haukumkimbia. Tom hakuwahi kuwa na haraka maishani mwake, alichelewa hata kwenye harusi yetu. Mimi ndiye niliyekuwa garini na sandwichi za nyama, nataka kiti cha mbele uwanjani. Nilianza kupiga honi saa sita kamili. Kila dakika tano. Alitoka akanionyesha mwiko, nikapiga tena."

Malachy alimsogezea kiti.

"Miaka ishirini akapaka rangi nikiwa nahiji," Nora alisema, "ili nisije nikaulizia baka na mtu akanijibu."

Munnelly alivuta fomu ya ukaguzi, ingawa haikuwa na mahali pa kuandika hayo, akajaza vipimo, akajaza idadi ya matundu. Kwenye mstari wa chanzo cha kasoro aliandika *haraka ya mechi*, akaisukuma mezani ili mwenye nyumba atie sahihi.

Nora aliisoma yote, taratibu, akifuata maneno kwa kidole. Alipofika kwenye mstari ule alichukua kalamu, akaongeza kwa mwandiko wake wa shule, *na honi*, kisha akatia sahihi, akaenda kumpigia simu Gráinne aondoe shuka kitandani.